«Rule» katika Kiswahili: Utawala, Kanuni na Sheria mbele ya Neno Moja la Kiingereza

Mwanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu cha Kongo yumo katika hali ambayo mwenzake wa Dar es Salaam au Nairobi haijui. Masomo yake huyapata kwa Kifaransa, Kiswahili cha nyumbani kwake ni kile cha Lubumbashi, Kalemie, Bukavu, Goma au Kisangani, lakini vitabu anavyojifunzia Kiswahili sanifu vimetoka karibu vyote upande wa mashariki, ambako istilahi za siasa, za mahakama na za michezo zimeundwa kwa kukabiliana na Kiingereza. Kwa hiyo hukutana na Kiingereza bila kukiona. Asomapo «chama tawala», «kanuni za mchezo», «uamuzi wa hakimu» na «utawala wa sheria», hatambui kwamba nyuma ya misemo hiyo minne limesimama neno moja tu, «rule», pamoja na watoto wake. Na apewapo matini ya Kiingereza aitafsiri, hutenda kinyume chake: hufungua kamusi, huona safu ya maneno kama tawala, amuru, kanuni, sheria, desturi, mstari, kisha huchukua lile la kwanza na kulitumia toka mwanzo wa ukurasa hadi mwisho. Tafsiri za namna hiyo ni nyingi, wala si katika kazi za wanafunzi peke yake. Kosa lake halihusu ufasaha tu. Kati ya kutawaliwa na kufuata kanuni kuna umbali, na wako watu wa nchi hii ambao umbali huo waliulipia kwa uhamisho.

Yafaa kwanza neno lenyewe lijulikane. Waingereza hawakuzaliwa nalo. Walilipokea kutoka Kifaransa cha kale, baada ya Wanormani kuishinda nchi yao mwaka 1066, na Kifaransa kililirithi kutoka Kilatini, «regula», yaani kijiti kilichonyooka cha kupimia na kupigia mstari. Neno hilo ni la ukoo mmoja na «regere», kuongoza kitu kiende sawa, na «rex», mfalme. Mwashi anayetazama kama ukuta umesimama wima na mfalme anayetazama kama raia wametii walikuwa, katika fikra za Warumi, wakifanya kazi ya aina moja. Kifaransa kimeigawa mali hiyo katika mafungu: «règle» ni kanuni na pia kijiti, «règlement» ni taratibu zilizoandikwa, «régner» ni kukaa katika enzi, «régime» ni mfumo wa serikali. Kiingereza, ingawa nacho kilichukua baadhi ya maneno hayo, kiliyaacha mengi yakae chini ya paa la «rule». Mwalimu wa Kongo ana faida hapa asiyoitumia vya kutosha: Kifaransa chake kimekwisha kumfanyia nusu ya kazi ya kupambanua. Akutanapo na «rule» hana haja ya kukimbilia kamusi. Na ajiulize kwanza Mfaransa angesema nini, «règle» au «régner», ndipo atafute Kiswahili.

Ajabu ni kwamba Kiswahili, kupitia njia nyingine kabisa, kilikwisha kupokea kijiti kile kile. «Kanuni» imetoka Kiarabu, «qanun», na Waarabu waliipata kwa Wayunani, ambao «kanon» yao ilikuwa fimbo nyoofu ya kupimia kabla ya kuwa kipimo cha imani, cha sanaa na cha vitabu vitakatifu. Hata kile chombo cha nyuzi nyingi kinachopigwa katika taarabu ya Unguja kina jina hilo hilo. Kwa hiyo atafsiriye «rule» ya mchezo, ya sarufi au ya hesabu kwa neno «kanuni» hafanyi makadirio; anarudisha sura ya asili, fimbo kwa fimbo. Ndivyo walivyofanya Wakristo waliposema Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, na jambo hilo si la mbali kwa watu wa Katanga, kwa kuwa Wabenedikto waliokuja mwaka 1910 pamoja na Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa baadaye askofu wa jimbo hilo, waliishi chini ya Kanuni hiyo. Mtawa aliyeikubali hasemwi kuwa ametawaliwa nayo. Huishika, huifuata, huivunja. Vitenzi hivyo vitatu vyatosha kuonyesha kwamba kanuni iko mkononi mwa yule aifuataye, haiko juu ya kichwa chake.

«Sheria» ina sura nyingine. Asili yake katika Kiarabu ni njia iendayo majini, mahali ambapo wanyama na watu huteremka kunywa. Kijiti hupima, njia hupeleka. Katika matumizi ya leo Kiswahili kimesahau maji hayo, na sheria imekuwa lile neno linalotungwa bungeni na kutekelezwa na askari; lakini bado husemwa «kwenda kinyume cha sheria», kana kwamba mtu amekengeuka njiani. Kuhusu kile kijiti chenyewe cha mwanafunzi hapana shida yoyote: mashariki ni «rula», kutoka Kiingereza, na hapa Kongo watoto wengi hukiita «lati», kutoka Kifaransa cha Wabelgiji.

Neno linaloleta taabu ni «tawala». Nalo ni la Kiarabu, kutoka shina lenye maana ya kuwa karibu, kusimamia, kuchukua dhamana juu ya mtu au mahali. Ukoo wake ni mkubwa: «walii», mtu aliye karibu na Mungu, «liwali», gavana aliyewekwa na Sultani katika miji ya pwani, hata «mawalii» wa hadithi za kidini wamo. Katika ukoo huo hakuna kijiti wala mstari. Kuna mtu aliyekabidhiwa watu. Ndiyo maana kitenzi hiki kinapotendwa hudai mtendwa mwenye uhai au kitu kilichochukuliwa kana kwamba kina uhai: hutawaliwa nchi, wake kwa waume, moyo, hasira, ulimi. Mtu asiyeweza kujizuia husemwa kuwa hajitawali. Kiingereza cha zamani kilisema vivyo hivyo kwa «rule» kuhusu ulimi na tamaa, lakini siku hizi hutumia maneno mengine, na kumbe Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo ikiwa hai kabisa.

Historia ya Kongo imelipa neno hili uzito ambao hauwezi kupatikana katika kamusi iliyoandikwa Uingereza. Mafundisho ya Watch Tower, yaliyoanzishwa Marekani na Charles Taze Russell, yaliingia Nyasaland kwa mahubiri ya Elliott Kamwana kati ya mwaka 1908 na 1909, yakapita Rhodesia ya Kaskazini, na katika miaka ya 1920 yakavuka hadi Katanga pamoja na watu waliotafuta kazi katika migodi ya shaba. Mwaka 1925 alivuka pia Tomo Nyirenda, aliyejiita Mwana Lesa, ambaye ubatizo wake uligeuka kuwa kuwaua walioshukiwa uchawi. Waingereza walimnyonga mwaka 1926. Katika vinywa vya wenyeji neno «Tower», yaani mnara, lilitamkwa kwa sauti za Kibantu, likapewa kiambishi, likawa Kitawala. Hapo jambo lilitokea ambalo hakuna mtafsiri aliyelipanga. Jina lililotoka kwenye mnara likasikika kama jina lililotoka kwenye kutawala, na kwa sauti hiyo mpya likasema jambo ambalo mafundisho yenyewe yalikuwa tayari yakilisema: kwamba falme za dunia zitaondoka na ufalme mwingine utakuja.

Mahubiri yalisema ufalme wa Mungu. Wakubwa wa serikali ya Kibelgiji, waliojua Kiswahili kiasi cha kuendesha kazi, walisikia kwamba watu weusi wanataka kutawala. Isisemwe kwamba walikosea kabisa, kwa maana wako waumini waliosikia vivyo hivyo, na maasi ya Masisi na Lubutu ya mwaka 1944, yaliyoongozwa na Bushiri Lungundu, hayakuwa suala la matamshi. Walakini adhabu haikuchagua. Wafuasi wengi wa Kitawala, wenye silaha na wasio na silaha, walipelekwa mbali na kwao, katika kambi za waliohamishwa kama Ekafera na Kasaji. Lau neno lililosambaa lingekuwa «kanuni», au hata «ufalme» peke yake, huenda barua za maafisa wa wilaya zingeandikwa kwa kalamu nyingine. Mambo haya hayathibitishiki. Lakini mwanafunzi wa lugha hawezi kulipita jina hilo kama apitavyo jina lolote la kanisa.

Watu wa Kongo, kwa upande wao, hawakungoja kamusi ili wayape majina yale waliyotendewa. Serikali ilikuwa kwanza Bula Matari, mvunja mawe, jina alilopewa Stanley na ambalo baadaye liliwaenea wote waliotumwa na dola. Kisha ikawa Leta, kutoka «l'État» ya Kifaransa. Hapana haja ya kuwa mshairi ili kusikia kwamba katika Kiswahili jina hilo ni pia amri: leta! Leta kodi, leta pamba, leta mtu wa barabara. Kuna pia picha ya kula, iliyo ya zamani kuliko zote. Kwa Kiluba na kwa Kibemba mtu anayeshika enzi husemwa kuwa ameula ufalme. Ndiyo msingi wa ule msemo wa Kifaransa uliosikika Lubumbashi katika miaka ya 1980, kwamba mamlaka huliwa mazima, ambao kikundi cha mchezo cha Mufwankolo kiliugeuza kuwa mchezo wa Kiswahili, na ambao Johannes Fabian aliufanyia kitabu kilichotoka mwaka 1990. Hakuna pembe ya «rule» ya Kiingereza inayoweza kubeba maana hiyo. Mtafsiri atakayetoka Kiswahili cha Katanga kwenda Kiingereza na kuandika «rule» mahali pa kula atakuwa amekiondoa chakula mezani, na pamoja nacho swali la nani amebaki na njaa.

Ziko maana za Kiingereza zinazopita upesi. «As a rule» ni «kwa kawaida». Karatasi «ruled» ni yenye mistari. Kauli ya hakimu iitwayo «ruling» ni uamuzi, au hukumu kama kesi imekwisha, na hapa «hukumu» inakumbusha kwamba katika Kiarabu shina lake hubeba kutawala na kuamua pamoja. Kawaida ya Kongo ambayo haikuandikwa inajulikana na wote kwa jina la Kifaransa la Article 15, yaani kila mtu ajitafutie njia. Ni kanuni ambayo nguvu yake yote imo katika kukosekana kwa nyingine.

Neno «self-rule» ladai nafasi zaidi. Kiswahili kilikuwa na njia mbili za kulisema, na zote mbili zilitumika. «Kujitawala» ni tafsiri kamili: kiambishi cha kujirejea kinaweka mtawala na mtawaliwa katika nafsi moja. Lakini katika Tanganyika hatua ya mwaka 1960 iliitwa serikali ya madaraka, na Kenya huadhimisha mpaka leo tarehe 1 Juni kuwa siku ya Madaraka, kwa kukumbuka mwaka 1963. Madaraka ni dhamana, ni kazi uliyokabidhiwa na ambayo utaulizwa habari zake. Kongo ya Wabelgiji haikupitia daraja hiyo. Ilitoka mikononi mwa gavana moja kwa moja hadi tarehe 30 Juni 1960, na neno lililobaki vinywani ni «dipanda», lililokatwa kutoka «indépendance», ambalo ndani yake hamna kutawala, hamna dhamana, hamna kanuni. Mna kukatika kwa kamba tu. Si kazi ya makala ya lugha kudai kwamba neno liliumba historia. Lakini yafaa wale wanaotafsiri habari za uhuru wa nchi jirani waache kuyabadilishana maneno hayo matatu kana kwamba ni vikombe vya seti moja.

Kwa upande wa fasihi, hakuna kitabu kinachoonyesha faida ya Kiswahili mbele ya «rule» vizuri kuliko «Kusadikika» cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951 na ambacho kimesomwa na vizazi vya wanafunzi. Nchi ya Kusadikika iko angani. Ina mfalme, ina mawaziri, ina baraza, ina magereza. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria, na katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi na mapendekezo ya kuifaa nchi, wakatiwa kifungoni. Wahakiki wengi wamekisoma kitabu hiki kama fumbo juu ya serikali ya kikoloni, na usomaji huo ni wa haki. Lakini mara nyingi hawakitazami kiini cha shtaka. Karama hashtakiwi kwa kuupinga utawala. Utawala wa Kusadikika umejaa tele. Amri zinatoka, hukumu zinapitishwa, milango ya gereza inafungwa. Kinachokosekana ni sheria kama elimu, yaani njia inayojulikana kwa yule apitaye kabla hajapita. Majivuno amefahamu vizuri kuliko wahakiki wengine kwamba atakayefundisha watu sheria ameugawa utawala, hata kama hakumgusa mfalme.

Hoja hiyo yawezekana kwa sababu Kiswahili kimeweka nyumba mbili. Mtu akiifuata kwa Kiingereza atakuwa na «rule» ya mfalme upande mmoja, «rules» anazotaka Karama upande wa pili, na «ruling» ya baraza katikati. Mgogoro wote utasikika kama ugomvi wa ndugu wa tumbo moja. Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa serikali ya Waingereza toka mwaka 1926, aliijua bila shaka lugha ya ofisi, na hapana shaka pia kwamba aliyaona matumizi ya neno hilo kila siku katika karatasi zilizopita mezani pake. Udhaifu wa kitabu uko kwingine. Mwishoni mfalme anamwachilia Karama na wafungwa wanafunguliwa. Sheria inashinda kwa sababu mwenye kutawala ameridhika. Imetoka mkononi mwake kama zawadi, na msomaji anayekijua kisa cha zawadi za namna hiyo hukifunga kitabu akiwa na wasiwasi ambao mwandishi hakuushughulikia.

Wasiwasi huo ndio uliomo katika msemo «utawala wa sheria». Msemo huu ni tafsiri ya «rule of law», ambayo mwanasheria Mwingereza A. V. Dicey aliieneza kwa kitabu chake cha mwaka 1885. Kongo ilipata wazo kama hilo kwa mlango mwingine, «État de droit», ambalo Wafaransa walilifuata kutoka «Rechtsstaat» ya Wajerumani, na ambalo limo katika kifungu cha kwanza cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu kile kile kinachoitaja lugha ya Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa. Katika Kiswahili misemo yote miwili, wa Kiingereza na wa Kifaransa, imeishia kwenye «utawala wa sheria». Sasa kiunganishi «wa» kina tabia mbili. Katika «utawala wa Mobutu» kinamtaja anayetawala. Katika «utawala wa mabavu» kinataja chombo kinachotumiwa kutawalia. Msikilizaji wa Likasi au Uvira, aambiwapo kwamba nchi yake ni ya utawala wa sheria, asikie ipi? Dicey alitaka ya kwanza. Lakini yeye amekwisha kuiona ya pili, na babu yake pia: amri ya tarehe 2 Mei 1910 juu ya usultani wa wenyeji na ile ya tarehe 5 Desemba 1933 zilikuwa sheria, tena zilizoandikwa vizuri, na hata yule muumini wa Kitawala aliyepelekwa Ekafera alipelekwa kwa karatasi yenye muhuri. Alitawaliwa kwa sheria sawasawa.

Kwa sababu hiyo «dola linalotii sheria», au kwa maneno ya mtaani «Leta nayo ifuate sheria», yafaa zaidi, hata kama ni refu na halipendezi katika kichwa cha gazeti. Linamtaja anayepaswa kutii, jambo ambalo «utawala wa sheria» linalificha. Wengine watasema msemo uliokwisha kuzoeleka haubadilishwi. Lakini katika Kongo haujazoeleka kiasi hicho, na walimu wa sekondari bado wana nafasi ya kuchagua.

Limebaki neno la mwisho la ukoo huu, lililorudi juzi tu katika habari za Kongo. Mwaka 2023 Nicole Eggers alitoa historia ya Kitawala yenye jina «Unruly Ideas». «Unruly» kwa Kiingereza ni mtoto mtundu, nywele zisizokubali kuchanwa, umati usiotulia: kile kisichokaa katika kijiti. Atakayekifasiri kitabu hicho kwa Kiswahili, na yafaa kifasiriwe, ataona kwanza «mawazo makaidi», ambalo ni neno la mzazi na la afisa wa wilaya. Akiandika «mawazo ya uasi» atakuwa ameshika kalamu ya mwendesha mashtaka. «Mawazo yasiyo na kanuni» ni uongo, kwa sababu waumini wa Kitawala walikuwa na kanuni zao. Inabaki «mawazo yasiyotawalika», ambayo inakipeleka kitenzi moja kwa moja mbele ya jina la dini yenyewe, tawala juu ya tawala, mgongano ambao hauwezi kusikika katika Kiingereza cha kitabu hicho na ambao kila mtu wa Manono au Masisi atausikia mara moja.